Suruali za Wakwe

Mume wangu ni fundi cherehani, na mdomo wake unakwenda mbio kuliko cherehani. Nguo zote za harusi ya binti yetu kashona yeye, ila kuwapima wakwe akagoma.

"Wale nawajua! Mapande ya watu, ukoo mzima. Sisi wembamba."

Nikatazama kitambi chake. Basi akachagua vipimo viwili tu, chembamba chetu, kipana chao, akashona. Na akaapa: kushona atashona, lakini kumkabidhi binti kwa watu wasiofanana naye, thubutu!

Bwana harusi anafundisha baiolojia. Alijaribu, maskini. "Baba, sehemu kubwa ya tofauti za urithi iko ndani ya kila kundi. Kati ya kundi na kundi ni kidogo tu."

"Hayo ya darasani. Mimi nashona."

Siku moja kabla ya harusi, wetu na wao wakafurika chumba cha mbele kujaribu nguo. Salaale! Wifi yangu, mama wa miraba minne, gauni likamkwama mabegani. Mama wa bwana harusi, kijimama kidogo, akapotelea ndani ya lake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona binti yangu amejibanza ukutani, machozi yanamtoka, na kicheko kikaniisha.

Wifi hana simile. Akajivua nyuma ya pazia, akamrushia mama wa bwana harusi gauni. "Mkwe, hebu tubadilishane!"

Yakawakaa utadhani wamepimwa. Weee, pakageuka mnada! Koti huku, sketi kule, wetu wakivaa za kwao, wao wakivaa za kwetu, na wengine wakibaki na zao.

Akabaki fundi mwenyewe. Suruali yake haikufunga kifungo hata alipozuia pumzi. Kimya kimya akachukua ya baba wa bwana harusi. Ikamtosha na kitambi chake chote.

Baba huyo, mwembamba kama uzi, alikuwa amevaa ya mume wangu na anakanyaga pindo. Mume wangu akamtazama miguu. Halafu akapiga magoti mbele yake, akashika pindo.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "wewe suruali unapenda ifike wapi?"

"Hapo hapo kwenye kifundo, mkwe."

Nikamkumbatia binti yangu, nikapiga kigelegele mpaka mume wangu akajichoma pini.