Kibali cha Kusafisha Meno

Katika kliniki ile ya meno, kila mfanyakazi alipewa kibali kimoja kwa mwaka: kusafishwa meno bure, yeye mwenyewe au mtu mmoja wa nyumbani kwake. Mwosha vyombo vya daktari, ambaye wenzake walimwita Mama Mvuke kwa sababu ya mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu aliyoisimamia, alikuwa amekwisha kupokea vibali kumi. Vyote aliviandika jina la mwanawe wa kiume, kifungua mimba.

"Huyu ndiye atakayesimama mbele za watu," alikuwa akisema.

"Na binti yako asimame wapi, nyuma ya mlango?" humjibu msafisha meno, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

Binti alikuwa mwalimu wa chekechea. Tangu umri wa miaka kumi na mitano fizi zake zilitoka damu kila alipopiga mswaki, na mama yake alimpa shauri kwa uhakika wa mtu anayefanya kazi kwa daktari: "Panapotoka damu usipaguse. Kidonda hakisuguliwi." Binti akatii. Akawa anayaruka meno ya mbele ya chini na kusugua mengine, na ukoga ukajikalia pale raha mustarehe hata ukawa jiwe.

Si kwamba mama hakupata kusikia lililo sahihi. Msafisha meno aliwaeleza wagonjwa kila siku, na mlango wa chumba cha kuoshea vyombo ulikuwa wazi. Lakini aliyasikia maneno yale kama mtu asikiavyo mvua inayonyesha kwa jirani.

Mwaka huu meno mawili ya binti yalianza kucheza. Ndipo mama alipoandika jina lake kwenye kibali, akamleta asubuhi, na akasimama kando ya kiti akiomba kimoyomoyo yasing'oke.

Msafisha meno alikwangua kwa muda mrefu. Vipande vya ukoga, rangi ya kahawia, vilianguka kwenye trei kama changarawe.

"Mwalimu, hapa hapajaguswa miaka. Nani alikukataza?"

Kinywa cha binti kilikuwa wazi. Aligeuza macho tu kumtazama mama yake.

"Fizi zikitoka damu zinaomba mswaki laini, haziombi kuachwa," aliendelea yule mwanamke. "Ungekuja mapema ningeutoa uchafu huu kwa robo saa. Kaka yako nimemsafisha mara kumi, na kila mara sikuona cha kukwangua. Kazi yake kulalamika kwamba namchelewesha."

Daktari aliitwa, akaitazama picha ya taya, akasema mfupa umelika: meno mengine yatashika iwapo atarudi kusafishwa kila baada ya miezi mitatu, lakini yale mawili hayana pa kushika tena. Yaling'olewa saa ileile.

Baadaye walikaa wawili kwenye benchi la korido. Binti alisema polepole, pamba ikiwa kinywani.

"Mara kumi, mama?"

"Kaka yako alikuwa anatafuta kazi."

"Miaka kumi?"

"Mwanangu, hukulalamika hata siku moja."

"Nililalamika. Ukaniambia nisipaguse."

Mama alitaka kusema kwamba ya bandia yapo, tena mazuri kuliko ya Mungu. Kabla hajafungua kinywa, simu yake iliita. Alikuwa mwanawe wa kiume, na sauti yake ilifika hadi kwenye benchi zima.

"Mama, kile kibali changu cha mwaka huu ni lini? Wiki ijayo nina kikao na wakubwa."

"Kimekwisha, baba. Nimempa dada yako."

"Yeye? Yeye si yuko na watoto tu kutwa nzima? Nani anamtazama meno?"

Mama Mvuke alitaka kumkaripia. Lakini maneno yale ni yeye aliyemlisha, kijiko kwa kijiko, tangu wangali wadogo wote wawili. Alikata simu, akaishika mapajani kwa mikono miwili.

Binti aliinuka, akaweka mkoba begani.

"Nakusindikiza," mama alisema.

"Usijisumbue. Vyombo vinakungoja."

Akashuka ngazi, kiganja kimefunika kinywa.