Honi ya Lori la Zamu

Mara ya kwanza Cyrille alikikataa kigari kwa sababu hakikuwa na kelele. Cheka ukitaka. Katika mji wa Likasi wa miaka ile, ambapo kila gari lilinguruma, likatoa moshi mweusi na kufa katikati ya barabara, Cyrille, mkaguzi wa serikali, aliinama, akatega sikio juu ya mota, akatingisha kichwa.

"Mama Hélène, hii kintu iko hatari," akasema. "Inakuja kimya kama mwizi. Muntu atasikia namna gani? Sheria inaomba honi. Bila honi, cheti hakuna."

Hélène alisimama kando, kitenge kimekazwa kiunoni, akameza maneno yaliyokuwa yamemjia, nayo hayakuwa maneno ya kanisani. Kigari kilikuwa cha mwanawe Dan, fundi wa umeme. Alikuwa amekiunda mwenyewe kwa batri za vitreni vya chini ya mgodi, mota ya pampu, magurudumu matatu, na nyuma mabenchi mawili ya abiria yanayotazamana. Petroli ilikuwa imegeuka hadithi, lakini kuran, umeme wa bwawa la Mwadingusha, ilikuwa bado inafika kambi ya Panda siku inapotaka. Dan alikuwa anaidaka inapokuja, anaijaza kwenye batri, na jirani wanakuja kushangaa.

Kwa Hélène hicho hakikuwa kigari. Kilikuwa kamba ya kumfungia mtoto asiende Kambove. Tangu Kompani ya migodi iache kulipa watu, vijana wa kambi walikuwa wanakwenda kule na sururu, wanaingia katika mashimo waliyoyachimba wenyewe, mashimo yasiyo na hata gogo la kuyashikilia, na wengine hawakuonekana tena. Dan alishasema wazi: kigari kikipita ukaguzi, atabeba abiria, kisipopita, atauza batri anunue sururu. Na baba yake, Stanislas, mgodi wa kulekule Kambove ulikuwa umemmeza pamoja na zamu yake nzima, zamani, Kompani ingali hai. Walilia matanga bila maiti. Mmoja ulishamchukua, alikuwa anasema Hélène, wa pili haupati, na atakayenibishia aje tupigane.

Tatizo ni Cyrille. Lo, Cyrille huyo! Serikali ilikuwa imemsahau kama ilivyowasahau wengine, ofisi yake haikuwa na dirisha wala kiti, lakini bado alikuwa anavaa tai na kuja Panda kila Jumamosi kukagua. "Inchi ilianguka," alikuwa anasema, "lakini breki isianguke." Rushwa hali. Wenye malori walikuwa wamejaribu mpaka wakachoka.

Basi ikabidi kungoja Jumamosi nyingine, na ngojangoja huumiza matumbo. Katikati ya wiki Hélène alikuwa uani akikaanga mikate ya kuuza, mara akasikia honi. Mlio mrefu, mzito, unaopanda mwishoni. Mkono wake ukaacha mwiko ukaenda wenyewe kutafuta kopo la chai la Stanislas, na ulipolikosa ndipo akili ikamrudia. Alikimbia nje na mafuta mikononi.

"Dan! Ile honi uliitosha wapi?"

"Ku lile lori la posti, mama, lile lenye lililala nyuma ya karakana. Halina kazi tena, si unajua?"

Alijua. Lilikuwa lori lililokuwa likiwachukua wanaume kwenda zamu. Posti, ndivyo walivyoiita zamu pale kambini, na honi ile ilipolia kwenye kona, hakuna aliyemaliza sahani yake. Hélène alitaka kusema iondoe. Akamwona mwanawe alivyofurahi, akarudi kwenye mikate yake.

Jumamosi Cyrille akafika. Dan akabonyeza honi, na Cyrille akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha kigari kikainama. Kiliinama kushoto kidogo, kikatulia, kikainama kulia, kisha kushoto tena, springi zikilia moja moja, kama watu wanaopanda na kusogezeana nafasi kwenye benchi. Mabenchi yalikuwa matupu. Jua lilikuwa utosini na kila mtu aliyaona matupu.

"Dan, shusha kwanza mizigo," akasema Cyrille, bado anaandika.

"Mizigo gani, chef?"

Cyrille akainua macho. Akatazama mabenchi, akatazama springi zilizokuwa zimelala kabisa. Akazisukuma kwa kiatu, zikakataa kuinuka. Sheria haina mstari wa jambo kama hilo, kwa hiyo akaandika alichoweza: springi dhaifu, kimekataliwa.

Alipoondoka, Hélène alipitisha ncha ya kitenge juu ya benchi. Kikatoka na vumbi la kijivu, bichi, lenye harufu ya mawe ya chini na baruti. Harufu ile aliifua kwenye nguo za mumewe miaka yote ya ndoa yao. Hakumwambia mtu. Mjane akisema ameona wafu, Panda wana jina la kumwita, na jina hilo likishakupata halitoki.

Wiki iliyofuata Dan akafunga springi za lori, nene, za kubeba hata ng'ombe. Cyrille alirudi, honi ikalia, kigari kikashuka kidogo tu na kushikilia. "Voilà," akasema Cyrille. Akamwamuru Dan anyooshe na barabara mpaka kwenye stesheni ya treni, asimame kwa ghafla, arudi.

Kigari kilitoka kimya kimya. Kilipofika njiapanda, kikakata kushoto, kuelekea barabara ya Kambove. Hélène alimwona Dan akivuta usukani kwa mikono yote miwili, mgongo umepinda, miguu imekanyaga sakafu. Alipiga yowe. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka. Breki ndizo zilizomwokoa. Kigari kikasimama huku magurudumu yakitetemeka, kikaelekeza pua Kambove, na ikabidi wanaume wakisukume kukigeuza.

"Breki nzuri," Cyrille akasema polepole, jasho likimtoka chini ya tai. "Usukani unavuta kushoto. Kimekataliwa."

Dan alishuka amenuna. "Jumamosi yenye kuja njo mwisho, mama. Muntu wa kununua batri nilishamupata." Kisha akajikuna nyuma ya bega. "Na kule njiani, sijui ni nini, kulikuwa kama muntu ananishika hapa."

Alikuwa amevaa shati jeupe la misa. Hélène akamzunguka. Begani palikuwa na alama ya kiganja, ya vumbi la kijivu, imekaa vizuri kabisa: dole gumba na vidole vitatu. Kidole kidogo hakikuwapo. Cha Stanislas kilikatwa na mashine mwaka waliofunga ndoa.

"Ni grisi," akasema. "Vua nifue."

Alifua, na palepale kwenye beseni akaelewa. Mgodini mtu haachi kazi yake mpaka afike wa kumpokea. Anayeingia anasimama, anayetoka anamshika bega, maana yake: nimekuachia, mimi naenda. Na kwa desturi ya Kompani, mtoto wa kiume aliingia mahali pa baba yake. Wanaume wale walikufa katikati ya posti. Hakuna aliyekuja kuwapokea. Walikuwa bado wanangoja, maskini, na Stanislas alikuwa ameshamwona wa kwake.

Angeweza kukivunja kigari kwa shoka. Alilifikiria hilo, usidhani hakulifikiria. Lakini bila kigari Dan angekwenda kulekule kwa miguu yake.

Jumamosi, Dan alipokwenda kumpokea Cyrille kwenye lami, Hélène alibaki peke yake na kigari mbele ya nyumba za kambi. Ilikuwa mchana mweupe, kuran imekatika, hata redio moja hailii. Akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza honi.

Wakapanda. Kushoto, kulia, kushoto. Alingoja mpaka springi zikaacha kulia.

"Banaume," akasema. "Banaume, munisikie. Miye ni Hélène, bibi ya Stanislas. Hakuna muntu aliwaambia, kwa hiyo miye nitawaambia. Kompani ilikufa. Pampu zilisimama, mugodi wote ulijaa maji. Bale benye kuwapokea, bengine beko banauza mahindi ya kuchoma, bengine beko banakaa tu mu nyumba. Hata bazima habana kazi. Musingoje tena. Posti ilishaisha. Kila muntu arudi kwake."

Aliwaonea huruma; kwani nani amewahi kumpa maiti habari mbaya namna hiyo? Kisha springi moja ikainuka. Ikafuata nyingine. Kigari kikapanda kidogo kidogo, na ardhini, mbele ya miguu yake, vumbi lilikuwa likijibonyeza kwa nyayo za mabuti, zikienda kila moja upande wake.

Ikabaki springi moja, ya kiti cha nyuma ya dereva.

"Na weye," akasema. Sasa alikuwa analia waziwazi. "Mutoto sikupi, Stanislas. Hata ukikaa hapo mpaka siku ya mwisho, sikupi. Shuka. Rudi nyumbani."

Miaka yote ya ndoa mwanaume yule alisikia honi kuliko mke wake. Siku hiyo alimsikia. Springi ikainuka taratibu, na Hélène akakaa chini kwenye vumbi.

Cyrille alipokuja, kila kitu kilikwenda kama katika kitabu cha sheria. Honi ililia, kigari hakikuinama, njiapanda kilinyooka, breki zilishika. Alizunguka mara mbili akitafuta kasoro, akakosa, akapiga mhuri. Dan alimwinua mama yake juu kama gunia la makaa, wote wawili wakacheka kama wendawazimu, na kabla wino haujakauka alikuwa amepakia abiria na kuelekea mjini, honi ikilia. Hakuna kilichopanda isipokuwa watu wanaoonekana.

Hélène akarudi nyumbani kwake, upande wa pili wa kambi, kwa miguu, moyo mwepesi. Alikuwa amefika nusu ya njia aliposikia Philomène, mjane wa zamu ileile, akiuliza mlangoni pake kwa sauti ya ajabu: "Nani? Nani huyo?" Nyumba ya tatu mtu alikuwa anajimwagia maji uani, na nyumba ile haikuwa na mwanaume. Mbele zaidi mwanamke alianza kulia, kisha kilio kikageuka kicheko, au Hélène alidhani ni kicheko. Nyayo za kijivu, mbichi, zilikuwa zinakatiza barabara na kuingia lango kwa lango.

Hapo akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Alimwambia arudi nyumbani. Sasa nyumbani kwa Stanislas ni wapi?

Mlango aliouacha na kufuli ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Alisimama nje akasikia mtu anavua buti, likaanguka. Kisha la pili. Aliogopa. Asikudanganye mtu kwamba mapenzi yanaondoa woga. Alitaka kukimbia mpaka Lubumbashi. Lakini huyu akikuta nyumba haina mke, atatoka tena, na njia ya kutoka anaijua: kiti kile, nyuma ya bega la Dan.

Akapangusa uso kwa kitenge. Akafunga kitambaa vizuri kichwani, kama mwanamke ambaye mumewe ametoka kazini.

"Hodi," akasema, kwenye mlango wake mwenyewe, na komeo likaanza kuvutwa.