Mwangwi wa Baba Nekesa

Alhamisi saa nne asubuhi, Mwalimu Idah aliwatoa Gredi ya Tano uwanjani wacheze mchezo wa mwangwi. Uwanja wa shule, kule Makongeni, unatazamana na ukuta wa kiwanda cha nguo, mrefu, hauna dirisha hata moja, na kwa somo la sauti huwezi kuomba ukuta bora. Mtoto anaita, mwenzake anapiga kofi sauti ikirudi. Anayepiga kabla haijarudi anaruka kichura mpaka golini.

Gathogo aliita "Oyaa!" akarudishiwa "Oyaa!" Kui akaimba nusu ya wimbo, ikarudi nusu ile ile. Nekesa akaita jina lake mwenyewe.

"Nekesa," ukuta ukasema, "umekunywa chai?"

"Huyo ni baba," Nekesa akasema. Gathogo akapiga kofi, maana sauti ilikuwa imerudi, na mwalimu akampa alama.

Barasa, baba yake Nekesa, fundi wa boila kiwandani humo, aliingia kazini mwezi wa tatu na hakurudi nyumbani. Kiwanda kilisema alitoka saa kumi na moja, kitabu cha getini kinaonyesha. Labda ana bibi mwingine Bungoma. Mtaa mzima ukaamini. Hata Idah aliamini, na sasa ilimuuma, haki.

Akampigia mama mtoto simu. Benta alikuja na aproni yake ya mandazi, akakimbia mpaka ukutani, akaukumbatia, akaita. Kimya.

"Rudi nyuma, Mama Nekesa," Idah akamwambia. "Ukikaribia hivyo hutasikia kitu. Simama hapa na watoto."

Benta akarudi nyuma, akaita tena. Barasa akamuuliza kama paa bado linavuja.

Meneja wa wafanyakazi wa kiwanda, Bwana Gachau, mtu mpole tu, alikuja akasikiliza, hata akamsalimia Barasa. Kisha akafungua kitabu cha getini.

"Mama, hapa alitoka. Sahihi ndiyo hii."

Barasa akasema huo si mkono wake. Gachau akakubali kwamba pengine si wake. "Lakini sauti haina nambari ya kazi," akasema, akafunga kitabu.

Siku hizi Benta huja kila Alhamisi. Watoto humpa zamu ya kwanza, bila kuambiwa.

"Wamefungua boila?" Barasa humuuliza.

"Bado, Baba Nekesa."

"Sawa," husema. "Waambie watoto waendelee."