Sukali Analala Chali

Nyumbani kwetu mbwa ndiye anayeamua kama tulale na viatu. Sukali akijikunja, pua chini ya mkia, sikio moja limesimama, tunalala na nguo za mchana na furushi liko mlangoni. Akilala chali, miguu juu, tumbo wazi kwa kila nzi apitaye, mume wangu Josaphat anawaambia watoto wavue viatu. Msicheke. Kule Nizi, kijijini kwetu, miaka miwili iliyopita, Sukali alikataa kulala jioni nzima. Alizunguka uani, akajilaza, akaamka tena. Josaphat akatutoa. Usiku huo wenye bunduki walivamia, na kulipokucha nyumba za jirani zilikuwa majivu. Tangu hapo tunapanga chumba kimoja hapa Bunia, na Josaphat anamwamini mbwa kuliko redio.

Wiki iliyopita Josaphat alimbeba Sukali kwa pikipiki hadi Nizi, kuangalia nyumba yetu. Walikaa siku tatu. Alirudi uso unang'aa.

"Mama Débora, tunarudi kwetu! Sukali ililala chali siku zote tatu, mpaka miguu ilikuwa inacheza. Imbwa haijue kudanganya."

"Na batu ba kule banasema nini?"

"Batu! Batu banasema kila kitu."

Basi leo asubuhi magodoro yamefungwa, pikipiki mbili zinangoja barabarani, na mimi tangu alfajiri sikai. Nafagia chumba ambacho si chetu tena. Nahesabu watoto, watatu, nawahesabu tena. Moyo umekataa kutulia na sina sababu ya kumpa mtu, maana Sukali huyo hapo, katikati ya njia, amelala ubavu, miguu imenyooka, anakoroma kama baba mkwe aliyeshiba. Nilimwonea wivu. Nilimwonea hasira pia: nani alimpa mbwa huyu madaraka ya nyumba yangu?

Kwa hasira hiyo hiyo nilitupa sufuria kwenye karai. Ikakosa karai, ikaanguka kwenye saruji karibu na kichwa chake. Binti yetu Débora alipiga kelele. Mwenye pikipiki aligeuka kule barabarani. Sukali hakutikisa hata sikio.

Nikachukua sufuria mbili, nikachuchumaa nyuma yake, nikazigonganisha mara tatu. Ubavu wake ulipanda na kushuka polepole. Nikamwita kwa nguvu. Wapi! Nilipomgusa mgongo ndipo aliposhtuka, akanitazama, akatikisa mkia.

Ana miaka kumi na miwili. Akiwa macho anafuata nyuso na mikono yetu, ndiyo maana hatukugundua.

Josaphat alikuwa mlangoni, kamba mkononi. Alikuwa ameona yote.

"Haisikie," nilimwambia.

Akakaa juu ya godoro lililofungwa.

"Siku ya pili kule nilisikia masasi," alisema. "Nyuma ya mulima, lakini karibu. Nikaangalia Sukali. Ilikuwa inalala tu. Nikasema ni miye niko na woga bure. Nikalala na miye."

Nilitaka kumpiga, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Mtu mzima, masikio yake mazima, anasikia risasi na kuomba ruhusa ya kuogopa kwa mbwa kiziwi.

"Sasa nani atatuambia?" aliuliza.

"Siye, Papa Débora. Siye benyewe."

Nilisema hivyo kwa sauti ngumu, kisha nikatoka kuwaambia wenye pikipiki waende zao.