Pambizo za Mahdi

Laban alipiga hodi mchana wa jua kali, hakuna aliyemtarajia, na kabla hajakaribishwa alikwisha kaa. Alikuwa ametoka Nairobi na kompyuta, pamoja na mashine bapa ya kioo iliyoweza, kwa maneno yake, kusoma karatasi zilizopigwa taipu. Alikuwa amesikia kwamba nyumba hii ya Malindi ina kitabu cha marehemu Mahdi, karani wa forodha, chenye samaki na miamba yote kuanzia Ngomeni hadi Kilifi.

"Na ikisha kusoma," akauliza Bi Hindu, mjane wa Mahdi, "huenda kuswali?"

Nduku, mpangaji wake, alicheka. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, 1987, na kazi alikuwa hajaiona. Laban akamgeukia. "Nisaidie kukipata, kazi unayo."

Basi Nduku ndiye aliyeomba. Bi Hindu alikikumbatia kitabu. Herufi za taipu hakuzijua; kwa mwalimu wake wa Kurani alifundishwa za Kiarabu tu. Ndiyo maana Mahdi, kila alipomaliza kupiga taipu ukurasa wa kusomwa na watu wote, alimwandikia mkewe pambizoni, pembeni mwa maandishi, kwa kalamu na kwa herufi hizo. Kila Alhamisi baada ya magharibi Bi Hindu aliyasoma maneno hayo, peke yake.

"Kitafumuliwa uzi tu," Nduku alisema. "Nitakishona mwenyewe. Alhamisi kabla ya magharibi kitakuwa mkononi mwako, chote."

"Chote?"

"Chote, Bi Hindu."

Kwenye chumba alichokodi Laban mjini, kazi ilimteka Nduku. Taa ilipita chini ya ukurasa, na maneno ya Mahdi yakatokea kwenye kompyuta. Laban alichapa "changu". Mashine ikatafuta, ikamwonyesha kila mahali samaki huyo alipotajwa. Nduku akawazia siku ambapo mtoto wa kijijini Jilore angeuliza na kujibiwa na maktaba za nchi nzima. Machozi yakamlengalenga.

Alhamisi asubuhi alimkuta Laban kwenye kikatio cha karatasi. Kurasa zilikuwa zimekuwa nyembamba. Pipa la taka lilijaa vipande virefu vyenye wino.

"Uchafu wa pembeni uliivuruga mashine," Laban alisema bila kugeuka. "Ilikuwa ikitoa nyota na alama za kuuliza. Sasa inasoma vizuri."

"Nilimwahidi."

"Wewe uliahidi. Mimi sikuahidi. Mpelekee nakala safi ya mashine. Hajui kusoma, atajuaje?"

Nduku alipiga magoti, akaanza kuvitoa vipande pipani, akivikung'uta majani ya chai.

"Wafadhili wa mradi huu wanafika alasiri," Laban alisema, sauti ile ile. "Ukitoka na takataka hizo, usirudi. Na usinitaje unapoomba kazi kwingine, maana nikiulizwa, nitajibu."

Nduku alitoka navyo, pamoja na kurasa.

Chumbani mwake alizishona kurasa, kisha akajaribu kurudishia pambizo. Lakini herufi zile hakuzijua, na kisu kilikuwa kimekata mistari iliyonyooka. Kila kipande kilioana na kila ukurasa. Mwishowe akavifunga kwenye kanga.

Bi Hindu alikuwa mkekani, ameshatawadha. Nduku alimweleza yote, hakuficha hata neno la Laban. Mjane akafungua fundo, akasoma kipande kimoja, akasoma cha pili, akajaribu kuviunganisha. Havikuungana.

"Hiki ni cha mwaka tuliomzika mtoto," alisema. "Na hiki anatania wifi yangu. Kipi kilikuwa wapi, wajua wewe?"

"Sijui, Bi Hindu."

"Mimi nilijua kwa kufunua kurasa." Akaviweka chini. "Chumba changu nakitaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo, Bi Hindu."

"Ni vyote?"

"Vyote."

Msikitini, mwadhini ndiyo kwanza alikuwa akisafisha koo kwa adhana ya magharibi.