Bwana Kichwa Hakuja Karamuni

Mhariri alirudisha ile tafsiri na swali moja tu: "Kilatini umekijua, sawa. Lakini hapa msomaji anacheka saa ngapi?"

Aliyeulizwa alikuwa mwalimu wa Kilatini chuoni. Kila mtu alimwita Dada, hata waliomzidi umri. Alikuwa akitafsiri kitabu cha mshairi mmoja wa Roma ya kale ambaye hakuhangaika na vita wala miungu. Yeye alitunga kwa ajili ya mambo ya watu: huyu kapata mtoto, yule kahamia nyumba mpya, mwingine kapona mafua, basi anamtungia. Shairi lililorudishwa lilikuwa la kumlalamikia rafiki aliyekosa kuja kwenye karamu ya siku ya kuzaliwa ya mshairi. Dada alikuwa ameliandika kwa heshima zote, likaanza na "Ewe uliyeniwekea ahadi," na chini yake akapanga tanbihi nyingi kuliko beti.

Asubuhi hiyo alikuwa jikoni na mdogo wake wa kiume, mtangazaji wa kipindi cha salamu redioni, ambaye alikuwa akipiga pasi shati.

"Kwani huyo mzee wako wa Roma anasema nini hasa?" mdogo mtu akauliza.

"Anasema, bwana wee, nimefagia mpaka uvunguni, nimekupikia samaki, halafu unaniletea habari za mguu kuuma. Na jana nimekuona kwa tajiri unapanda ngazi."

Mtangazaji akacheka mpaka pasi ikaacha alama kwenye kola. "Andika hivyo hivyo ulivyosema."

"Siyo kazi ya kitaaluma hiyo."

"Andika, Dada. Nitalisoma kwa sauti nikifika kazini, nikuambie kama linateleza mdomoni."

Akaliandika amesimama, chai ikipoa pembeni. Jina la yule rafiki kwa Kilatini lilikuwa na maana ya mwenye kichwa kikubwa, kwa hiyo akaweka "Bwana Kichwa" na kusonga mbele. Mdogo wake akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatoka.

Siku hiyo ilinyesha mvua kubwa na salamu zilikuwa haba. Katikati ya kipindi mtambo wa muziki ukagoma. Fundi mitambo akaonyesha kwa mikono kwamba wimbo haupo, ongea chochote. Mtangazaji akapapasa mfuko wa shati, akasoma:

*Bwana Kichwa, uliniambia utakuja.*
*Nikafagia mpaka uvunguni, mahali usipoangalia kamwe.*
*Nikakuwekea kiti chenye mto.*
*Samaki amekungoja kwa adabu, macho wazi, mpaka amepoa.*
*Unasema mguu unauma. Mbona jana mguu huo huo*
*ulikwenda kwa tajiri, na ngazi ukapanda?*
*Haya. Mwakani nitazaliwa bila wewe.*

Wimbo ukarudi ghafla, naye hakupata nafasi ya kusema shairi ni la nani. Wimbo haujafika kiitikio, simu zikaanza kumiminika.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. "Huyo Kichwa hana utu. Mtu kakufagilia mpaka uvunguni, wewe unakimbilia kwa wenye nacho?"

Akafuata muuguzi. "Tusihukumu. Kama ni jongo, hii gauti ya miguu, jana unapanda ngazi, leo shuka tu ikigusa kidole unalia."

Wa tatu alikuwa na sauti ya mtu aliyechokozwa tangu alfajiri. "Mimi naziba matairi, na jina langu la utani ni Kichwa. Sikualikwa popote. Kila mteja anayekuja ananiuliza habari za samaki."

Mtangazaji akampigia dada yake. "Njoo huku. Mji umegawanyika."

Dada akafika studio viatu vikitoa maji, akakalishwa mbele ya kipaza sauti. Akaeleza kwa utulivu, kama yuko darasani, kwamba samahani sana, hiyo ni tafsiri, na aliyetunga aliishi karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Fundi cherehani, ambaye bado alikuwa hewani, akauliza taratibu, "Kwa hiyo mwenye samaki ameshafariki?"

"Zamani sana."

"Na Kichwa?"

"Naye pia."

"Basi poleni sana wafiwa."

Dada alijitahidi. Akauma mdomo, akatazama dari. Halafu kicheko kikamtoka puani, na hapo akawa hajiwezi tena. Mdogo wake alikuwa ameshainama chini ya meza. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alivua miwani akawa anafuta machozi.

"Walipatana lakini?" yule mziba matairi akauliza, maana naye alikuwa anasubiri jibu.

"Wataalamu hawana uhakika," alisema Dada alipopata pumzi. "Kuna shairi jingine, anamshukuru Kichwa kwa zawadi ya blanketi. Hatujui lipi lilitangulia."

"Blanketi ni la kuomba msamaha," alisema mziba matairi.

"Hapana," akasema fundi cherehani. "Blanketi lilitangulia. Ndiyo maana kutokuja kulimuuma."

"Tusomee hilo la blanketi," akasema mziba matairi.

"Sijalitafsiri bado."

"Si unakijua hicho Kilatini? Tuambie tu."

Dada akafumba macho. Shairi alikuwa nalo kichwani tangu ujana wake. Akatamka mstari wa Kilatini chini chini, kisha akausema kwa Kiswahili, na mwingine, na mwingine, moyo ukimwenda mbio kama mtoto aliyeachiwa baiskeli kwenye mteremko:

*Blanketi lako, Kichwa, limenizidi cheo.*
*Mlango wangu unalionea haya.*
*Panya wamehamia upande ninaolala.*
*Nimelikumbatia mpaka adhuhuri,*
*hivyo shairi hili likiwa fupi, lawama ni zako.*

Simu zote zikawaka. Ya mwisho kupokelewa ilikuwa ya mhariri.

"Hao panya wamo kweli kwenye Kilatini?"

"Wamo."

"Na ungewaandikaje juzi?"

Dada akafikiri kwa uaminifu. "'Wadogo watafunao nao wakahajiri.'"

Mhariri akacheka kicheko kirefu ambacho Dada hakuwahi kumsikia nacho. "Kitabu kizima, Dada. Chote kama leo. Na tanbihi uziache huko huko chuoni."

Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa mvua haijakatika. Njiani alikuwa na shairi jingine la kitabu kile, la pongezi kwa mtu aliyenunua punda mvivu, akilijaribu kwa sauti, na alipopata neno la "punda aliyekaa kama deni" akasimama katikati ya barabara akacheka peke yake, mwenye duka akimchungulia.