Beseni la Georgette na Ulimi wa Saumu

Mwaka 1954 Georgette alikuwa bado mgeni katika mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Mumewe Fabien, karani wa biro ya serikali, alikuwa amemwoa kutoka Lulimba, mbali na ziwa, kwa hiyo kila kilichoota majini kilimvutia. Siku moja, ufukweni katika kijiji cha Lweba, aliona majani yanayoelea, yamejikunja kama kabichi ndogo na laini kama kitambaa. Aliyabeba, akayaweka ndani ya beseni barazani. Wageni waliyasifu, naye akaona fahari.

Baada ya siku chache alimkuta paka wake mlangoni, mate yanamchuruzika, anajisugua mdomo kwa miguu ya mbele. Chakula hakukigusa. Georgette alikumbuka kwamba juzi paka huyo aliiba ndagala, vile visamaki vilivyoanikwa, kwenye mkeka wa jirani yake, Saumu, na Saumu alikasirika sana. Basi alipokwenda kuteka maji aliwaambia bamama waliokuwa pale kwamba Saumu amemlisha paka wake sumu.

Maneno yalimfikia Saumu kabla Georgette hajatua ndoo. Alikuja na bamama wawili nyuma yake, mikono ingali na magamba ya samaki. Georgette alijiandaa kwa ugomvi, lakini Saumu alimpita tu akapiga magoti. Alimviringisha paka ndani ya kitenge asije akamparura, akamfungua kinywa. Kilikuwa chekundu, na kipande cha jani kimenasa kwenye jino. Saumu akageuka kulitazama beseni. Majani mawili yalikuwa yameng'atwa pembeni.

Hakujitetea. Alichuma jani, akalitafuna mbele ya wote.

Georgette alimwona akifumba macho, machozi yakimtoka. Saumu alitema, akasukutua mara tatu, ndipo akasema kwa shida, "Inachoma kama sindano. Sizani kama itamuua, mama. Lakini nyumba yenye iko na paka, hii majani haifai."

Kisha akachovya kitambaa kwenye maji safi, akampangusa paka ulimi taratibu, akaomba maziwa kidogo. Jioni paka alikula. Saumu mwenyewe siku mbili hakuweza kuonja pilipili.

Usiku Georgette alimweleza Fabien kwamba yule mama alikuwa na haki ya kumtukana mbele ya mtaa mzima, na badala yake ametia ulimi wake mwenyewe kwenye jani asilolijua. Kulipokucha aliyafukia majani shambani, akaenda palepale pa kutekea maji.

"Saumu hakufanya kitu," aliwaambia bamama. "Mi nilimusingizia bure. Ni yeye aliponesha paka yangu."

Saumu alikuwepo. Alimsaidia kujitwika ndoo, wakarudi pamoja.

Miaka mingi baadaye, mtu akiyasifu majani ya aina ile ziwani, Georgette alimwuliza kwanza kama nyumbani kwake kuna paka. Jibu likiwa ndiyo, alimketisha na kumsimulia habari za Saumu.